Sura ya Sita: Amependekeza au Ameamuru?

Chukulia wewe ni mhasibu wa kampuni ya utalii mjini Arusha na meneja wako ni Mwingereza. Jumatano asubuhi anakuandikia: "I would suggest that we send the report before Friday." Hakuna neno gumu hapo. Unaelewa kwamba anapendekeza, na unajua kwamba anayependekeza humwachia mwenzake hiari, basi unaendelea na hesabu zako nyingine. Ijumaa mchana meneja anasimama mlangoni, uso umekunjika, anataka kujua ripoti imekwama wapi.

Waliofanya kazi na wazawa wa lugha ya Kiingereza huuliza swali hili kila mara: kama alikuwa anaamuru, mbona hakuamuru? Na kama alikuwa anapendekeza tu, mbona amekasirika? Wanafunzi huliuliza kwa namna nyingine. Kitabu cha sarufi kimewafundisha kwamba "I suggest" inajitosheleza. Hilo "would" lililojipenyeza katikati limetumwa na nani?

Jibu ambalo walimu wengi hulitoa ni "adabu", na mazungumzo huishia hapo. Si jibu la uongo, ila ni fupi mno. Adabu haielezi kwa nini polisi wa London husema "I can confirm that", kwa nini rafiki yako wa Chicago anakwambia "I must say that" huku hakuna aliyemlazimisha, wala kwa nini hakuna rais anayeapa kwa "would". Kila moja ya maneno hayo lina kazi yake, na kazi zote zinahusu jambo moja: msemaji yuko tayari kubeba lawama kiasi gani ikiwa alichosema kitageuka kuwa si kweli au si busara.

(Nikisema Mwingereza katika sura hii, nakusudia mzawa wa lugha, awe wa Leeds, Chicago au Sydney. Pale wanapotofautiana nitasema.)

Vipande viwili, maneno tisa

Ikate sentensi ya meneja kwenye "that". Kushoto unabaki na "I would suggest", kulia "that we send the report before Friday". Kila kipande kina kitenzi chake, na kipande cha namna hiyo huitwa kishazi. Cha kushoto kinaweza kusimama chenyewe, kwa hiyo ni kishazi kikuu. Cha kulia, kinachoanzia kwenye "that", kinamtegemea mwenzake, nacho huitwa kishazi tegemezi. "That" hapa ni "kwamba" yetu.

"Would" ni kitenzi kisaidizi, yaani kitenzi kinachotangulia kitenzi kingine ili kukitia rangi. Kiingereza kina visaidizi kadhaa, lakini tisa vina tabia za pekee: can, could, may, might, shall, should, will, would, must. Havikubali "s" ya nafsi ya tatu; husikii "she cans" kwa mtu aliyezaliwa nayo lugha. Havifuatwi na "to". Na haviwezi kusimama viwili viwili katika Kiingereza sanifu.

Sasa liondoe "would" katika sentensi ya meneja. Ripoti ni ile ile na siku ni ile ile. Upande wa kulia wa "that" haujaguswa hata kwa herufi moja. Kilichobadilika ni namna msemaji anavyosimama mbele ya maneno yake. Wanafunzi hupotea hapa kwa sababu hutafuta badiliko katika habari, wakati badiliko liko kwa mtoa habari.

Kurudi nyuma kwa kutumia wakati uliopita

Would ilikuwa wakati uliopita wa will. Could ilitoka kwa can, might kwa may, should kwa shall. Leo Mwingereza anazitumia kuzungumzia sasa hivi, na jambo hilo huwashangaza wanaojifunza. Yaliyopita yameingiaje katika ripoti ya kesho kutwa?

Mswahili hana sababu ya kushangaa. Ingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo usikilize: "Samahani kaka, nilikuwa naulizia bei ya saruji." Ulikuwa? Si unaulizia sasa hivi, umesimama mbele ya kaunta? Lakini hakuna muuzaji atakayekurekebisha. Lile "nilikuwa" limelirudisha ombi nyuma kidogo, ili likikataliwa lisikuumbue. Hali kadhalika kiambishi -nge-: ningependa kusema, ningeomba nafasi, ningeshauri tusubiri. Hila ni ile ile, na hatukuazima kwa mtu.

Tunapoachana na Mwingereza ni kwenye vitenzi vya kuwaza na kukadiria. Yeye husema "I would think that", "I would imagine that", "I would say that", tena mfululizo. Jaribu kusema kwa Kiswahili "ningedhani kwamba amefika" uone watu watakavyokutazama. Watakuuliza: ungedhani, kama ingekuwaje? Kwetu -nge- hudai sharti lake, na sharti lisipotajwa wasikilizaji hulingoja. Kwa Mwingereza sharti limemezwa. Lipo mahali fulani, "kama ungeniuliza mimi" au "kama ningelazimika kukisia", lakini hakuna anayelitamka.

Muulize dereva wa watalii umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Akijibu "It's two hundred kilometres", ametoa takwimu, na ukipima ukakuta pungufu una haki ya kumsuta. Akijibu "I would say that it's about two hundred kilometres", amekupa makisio na amekuonya kwamba ni makisio. Pungufu ya kilomita kumi haimfanyi mwongo.

Tatizo la sikio nalo lipo. Katika mazungumzo "I would" hufupishwa ikawa "I'd", na ile "d" mbele ya neno kama "think" karibu haisikiki. "That" nayo hudondoka mara nyingi baada ya think na say: "I'd say it's about two hundred." Kwa hiyo mwanafunzi anasikia "I say it's two hundred" na kumwona msemaji mjuaji, kumbe mwenzake amejishusha. Katika maandishi rasmi, na baada ya vitenzi vizito kama suggest, argue na confirm, "that" hubaki mahali pake zaidi.

Mkubwa anapojishusha

Turudi kwa meneja. Kama would hupunguza uzito wa sentensi, iliwezekanaje agizo lake liwe zito vile?

Kwa sababu uzito wa agizo la bosi hautoki kwenye sarufi. Unatoka kwenye cheo, na cheo hakihitaji kutajwa. Mwenye madaraka akisema "I would suggest that", anajua na anaamini kwamba nawe unajua kwamba anayo nguvu ya kuamuru. Kule kutoitumia ndiyo heshima anayokupa. Anategemea uirudishe kwa kutekeleza. Mwenzako wa meza ya pili akisema maneno yale yale, ni ushauri, unaweza kuuacha. Daktari akisema "I would advise that you stop smoking", usidhani ni mazungumzo ya kahawa. Basi usianze kwa kuuliza sentensi ina maana gani. Uliza kwanza ni nani aliyeisema.

Mimi siuoni huu kuwa unafiki, ingawa nimewasikia wengi wakiuita hivyo. Mzee wa Pwani akimwambia kijana "naona jua limeanza kuzama", naye hajatoa taarifa ya hali ya hewa.

Kuna ndugu wa would ambaye ni mkali zaidi: "I would have thought that." Ukiambiwa "I would have thought that you knew the rules by now", umekaripiwa. Kwa juujuu msemaji anaungama kwamba alidhani vibaya. Anachosema hasa ni kwamba dhana yake ilikuwa ya haki, na aliyeiangusha ni wewe. Kiswahili kinalo hili pia: "Mimi nilidhani utakuwa unajua kanuni kufikia leo." Aliyeambiwa hivyo hana shaka kwamba amesemwa.

Na should? "I should think that he's at home" haina maana kwamba msemaji anapaswa kudhani. Ni sawa tu na "I would think", katika Kiingereza cha Uingereza, hasa cha watu wazima. Wamarekani hawaitumii sana. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa shall na should lilikuwa na maana ya kuwiwa, kuwa na deni. Maana hiyo imebaki katika "you should go". Katika "I should think" imeshafutika, na anayeisoma kwa maana ya wajibu atapotea njia.

Kwa ufupi: would huweka nafasi kati ya msemaji na kauli yake, ili kauli ikianguka isianguke naye. Mdogo akiitumia anajilinda. Mkubwa akiitumia mara nyingi anaagiza.

Mahali ambapo would haiingii

Mwaka 1955 mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard juu ya jambo ambalo watu walikuwa wakiliona kila siku bila kulitazama: kuna sentensi ambazo kuzitamka ndiko kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi ahadi, ameiweka. Anayesema "naapa" ameapa. Austin alifariki mwaka 1960, na mihadhara hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1962.

Vitenzi hivyo ndivyo kipimo kizuri cha visaidizi vyetu. "I promise that I will pay" ni ahadi, unaweza kumdai mtu kwa hiyo. "I would promise that I will pay" si ahadi hata kidogo. Mkopeshaji mwenye akili atangoja kusikia "but". "I would swear that it was him" haimweki mtu chini ya kiapo, ni namna tu ya kusema nina hakika sana. Would imeondoa tendo na kuacha kivuli chake.

Ndiyo maana kiapo cha rais wa Marekani, kilichoandikwa ndani ya katiba yenyewe, huanza "I do solemnly swear", na baada ya "that" hufuata "I will". Hakuna mlango wa kutokea. Uzito wa maneno yale ulionekana Januari 2009, Barack Obama alipoapishwa. Jaji Mkuu John Roberts aliliweka neno "faithfully" mahali pasipo pake, Obama akasitasita, kisha akafuata. Maana haikupotea. Hata hivyo siku iliyofuata kiapo kilirudiwa Ikulu, maneno yakiwa katika mpangilio wake, ili asije mtu akadai kwamba hakuapa.

Must: nimelazimika, lakini na nani?

"I must say that the food was excellent." Nani alimlazimisha? Hakuna. Must hapa hujifanya kuna nguvu ya nje inayomsukuma msemaji, iwe ukweli, dhamiri au kazi. Kwa sifa, huleta ladha ya mshangao: sikutegemea, lakini chakula kimenivuta ulimi. Kwa lawama, hutanguliza udhuru: nisingesema, ila imebidi.

Hapa Mswahili yuko nyumbani. "Sina budi kukiri kwamba" na "I must admit that" hufanya kazi moja. Tofauti na would, must haiui tendo: anayesema "I must admit that I was wrong" amekiri kweli, na anayesema "I must warn you that the road is closed" ameonya. Kinachopunguzwa si tendo, ni hiari ya kulitenda. Ndiyo maana barua za kumwachisha mtu kazi au kumnyima mkopo huipenda sana. Mwandishi anatoa habari mbaya huku akijionyesha kuwa naye ametumwa.

Can: mwenye ruhusa ya kusema

Asili ya can ni kujua. Kabla haijawa "kuweza", ilikuwa "kuwa na ujuzi wa jambo". Harufu ya maana hiyo bado ipo katika "I can confirm that". Msemaji wa polisi anapoanza hivyo mbele ya waandishi, anajitambulisha kwamba ndiye mwenye taarifa na ndiye mwenye idhini ya kuitoa. Hapunguzi lawama. Anaichukua yote, tena kwa kujigamba kidogo.

Ukiikanusha can, umefunga mlango. Mfano maarufu kuliko yote ulizaliwa baharini. Mwaka 1968 nyambizi ya Kisovieti, K-129, ilizama katika Bahari ya Pasifiki. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilijengewa meli kubwa iitwayo Hughes Glomar Explorer, na hadithi iliyotolewa kwa umma ni kwamba inakwenda kuchimba madini kwenye sakafu ya bahari. Mwaka 1974 meli hiyo ilinyanyua sehemu ya nyambizi. Habari zilipovuja mwaka 1975, mwandishi mmoja alidai kisheria nyaraka zinazohusu suala hilo. CIA haikusema zipo, wala haikusema hazipo. Ilijibu kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha. Hadi leo wanasheria wa Marekani huliita jibu la namna hiyo "Glomar", kwa jina la meli.

CIA wenyewe waliligeuza utani. Tarehe 6 Juni 2014 walipofungua akaunti yao ya Twitter, waliandika: "We can neither confirm nor deny that this is our first tweet." Itazame kwa macho ya sura hii. Kisaidizi ni can, kishazi cha "that" ni habari ambayo kila msomaji anaiona ni kweli, na kichekesho chote kiko kushoto, kwa msemaji anayekataa kubeba hata lawama ya jambo lililo wazi.

Sasa jambo linalotuhusu sisi. Sikiliza mahojiano ya Kiingereza Nairobi au Dar es Salaam: "I can say that the training was good." "I can say that we played well." Hii ni "naweza kusema kwamba" yetu, ambayo kwa Kiswahili ni kisingizio cha upole, karibu sawa na would yao. Lakini can ya Mwingereza haina upole huo. Akisikia "I can say that", anaweza kuhisi kwamba umeruhusiwa kusema hilo na kuna mengine umekatazwa. Mimi siiti kosa. Mamilioni ya watu Afrika Mashariki wanaelewana kwa kauli hiyo bila taabu, na lugha ni ya wanaoitumia. Ila ukiwa kwenye usaili na mtu wa Manchester, "I would say that" ndiyo itakayopeleka upole uliokusudia.

May, might, na wasemaji wasioonekana

May na might zinaomba njia. "May I remind you that the deadline was yesterday" imevaa vazi la ombi, lakini kukumbushwa umeshakumbushwa. Hakuna anayengoja ruhusa yako. "I might add that" hutangulia jambo ambalo mara nyingi ndilo kali kuliko yote yaliyotangulia. Ukilisikia, kaa sawa.

Halafu kuna sentensi zinazomwondoa "I" kabisa:

- "Some would say that": kuna watu, sitawataja, wenye maoni haya, huenda mmoja wao ni mimi.
- "It could be argued that": hoja ipo mezani, mwenye nayo hayupo. Wanafunzi wa vyuo huipenda, wasahihishaji wameichoka.
- "You would think that": ungedhani hivyo, lakini sivyo. Baada yake tegemea "but", iwe imetamkwa au haijatamkwa.
- "It may be that": labda. Hii ndiyo ya amani kuliko zote.

Tatu za kwanza ni hatari kwa msomaji wa magazeti. Unapokutana na "some would say that" katika tahariri, uliza hao "some" ni akina nani. Mara nyingi ni mwandishi na mhariri wake.

Na upande wa pili wa "that"?

Nimesema kishazi cha kulia hakiguswi na kisaidizi. Lakini vitenzi vya kupendekeza, suggest na recommend, vina ugonjwa wao. Mmarekani huandika "I would suggest that he go", bila "s". Mtu wa Uingereza mara nyingi husema "that he should go", au hata "that he goes". Kosa letu la kawaida ni "I suggest you to go".

Tiba iko kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi husema "napendekeza aende", si "napendekeza anaenda". Ile -e ya mwisho hutenganisha jambo linalotakiwa na jambo linalotokea, na Mmarekani anayeacha "s" anafanya hivyo hivyo. Ukiona mahali ambapo Kiswahili kingedai -e, andika "that", taja mtu, kisha kitenzi kitupu: that she come, that we wait, that he be informed.

Neno moja kwa wanaoandika barua za kuomba kazi. Visaidizi hivi ni vya mahali penye shaka ya kweli au penye mtu wa kuheshimiwa kwa tahadhari. Sifa zako si mahali hapo. "I would think that I am qualified" humwambia mwajiri kwamba hata wewe mwenyewe huna hakika. Andika "I am qualified", kisha weka ushahidi chini yake.